Mind of Mine ya Zayn: naisikiliza tangu 2016, na nyumbani kwetu bado hatujakubaliana

Tarehe 25 Machi 2016 iliangukia Ijumaa Kuu. Kazi zilikuwa zimefungwa, na mdogo wangu alikuwa ameamka kabla ya kila mtu kununua bando. Sikuwa na haja ya kumuuliza ya nini. Mwaka mmoja kamili kabla yake, tarehe 25 Machi 2015, ilitangazwa kwamba mwimbaji Zayn Malik amejitoa kwenye kundi la One Direction, na mdogo wangu alilia siku ile mpaka mama akadhani kuna msiba. Sasa albamu ya kwanza ya Zayn akiwa peke yake ilikuwa inatoka tarehe ile ile. Tuliisikiliza sebuleni, simu yake ikiwa imeunganishwa na spika ndogo: mimi, yeye, na mjomba wetu aliyekuwa amepitia kunywa kahawa.

Kufikia adhuhuri kila mtu alikuwa na lake. Tangu hapo nimezungumza na watu wengi kuihusu albamu hii, wa hapa Mombasa na marafiki walioko Uingereza, na karibu wote hurudia moja ya maneno niliyoyasikia sebuleni siku ile. Mimi naipenda. Ina makosa na nitayasema, lakini nahisi inahukumiwa kwa nyimbo zisizo kitovu chake.

Nianze na mdogo wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyeumia. Alimfuata Zayn tangu 2010, wavulana watano walipounganishwa kuwa kundi kwenye shindano la kuimba la The X Factor la Uingereza. Nyimbo za One Direction ziliandikwa zijaze uwanja wa mpira: kiitikio kinachodakwa na maelfu ya watu kwa pamoja, magitaa, furaha. Na katikati ya furaha hiyo kulikuwa na kazi moja aliyopewa Zayn kila mara, kupanda juu pale wenzake wasipofika. Anayeujua wimbo wa You & I anaijua ile sauti aliyoivuta pale kabla ya kiitikio cha mwisho. Hicho ndicho alichokuwa akikingoja mdogo wangu. Alichokipata ni R&B ya taratibu, ya gizagiza, maneno ya chumbani ambayo aliyaonea haya mbele ya mjomba. Pillowtalk ulikuwa umetoka tangu Januari, na ulishika namba moja Uingereza na Marekani, kwa hiyo hakushtushwa na mwelekeo. Alishtuka kuona hakuna hata wimbo mmoja wa kumrudisha alikotoka. "Dada, huyu si yeye," akaniambia.

Mimi naona huyu ndiye yeye. Baada ya kutoka kwenye kundi alisema wazi kwamba ule haukuwa muziki ambao angeuchagua mwenyewe. Mtu akikaa miaka mitano akiimba kwa ladha ya wengine, siku akipewa nafasi yake ataimba anachokipenda, hata kama kitawahuzunisha waliomzoea. Lakini sikuweza kumwambia hivyo mtu anayelia, na hata leo naelewa kwa nini wapenzi wengi wa zamani waliiweka albamu hii kando baada ya kuisikiliza mara moja.

Lalamiko la pili nililipata ofisini Jumanne, Pasaka ilipokwisha. Mwenzangu mmoja anaijua R&B kuliko ninavyoijua mimi. Alikuwa ameshaisikiliza, na uamuzi wake ulikuwa mfupi: tumeshayasikia haya kwa Frank Ocean, kwa Miguel na kwa The Weeknd. Ana hoja. Mtayarishaji mkuu wa albamu hii ni Malay, ambaye jina lake linajulikana zaidi kwa kazi aliyoifanya kwenye Channel Orange, albamu ya Frank Ocean ya mwaka 2012. Ukimwajiri fundi wa nyumba ya jirani, usishangae watu wakisema milango inafanana. Zipo nyimbo humu, Drunk na Rear View kwa mfano, ambazo hupita kama moshi: zinanukia vizuri, zikiisha huna ulichobaki nacho mkononi. Sauti imefunikwa na mwangwi mwingi, ikarudufiwa juu yake yenyewe, mpaka yule mtu mwenye koo la ajabu anakuwa ukungu tu. Hili ndilo kosa kubwa la albamu kwangu, na nitalirudia.

Sasa mjomba.

Mjomba amepiga fidla kwenye taarabu tangu ujana wake. Amekulia katika Mombasa ya Juma Bhalo, aliyechukua mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi akayatungia mashairi ya Kiswahili, na watu wakayapokea kama yao. Siku ile alikuwa amekaa tu, hasikilizi, anasoma gazeti. Nyimbo sita zikapita. Ikaingia ya saba, ile iliyoandikwa kuwa ni mapumziko na kuitwa Flower. Zayn anaimba kwa Kiurdu. Ala ni chache, mdundo hakuna, sauti imeachwa karibu uchi. Mjomba akaweka kikombe chini.

"Huyu kijana ni wa wapi?"

Nikamwambia ni wa Bradford, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake ni Mpakistani, mama yake Mwingereza, na amelelewa katika nyumba ya Kiislamu.

"Rudisha," akasema.

Tukarudisha mara nne. Mjomba akatufafanulia anachokisikia, na maelezo yake ndiyo yaliyoifungua albamu nzima kwangu. Alisema sikilizeni, huyu haruki kutoka sauti hadi sauti kama mtu anayepanda ngazi. Anateleza. Akifika mwisho wa neno haliachi lianguke, analizungusha kwanza, analitia nakshi, halafu ndipo analiweka. Hivyo ndivyo wanavyoimba watu wa kawali, zile nyimbo za ibada za Kisufi za Pakistani na India, na ndivyo masikio ya pwani yalivyozoea tangu kaseti za filamu za Kihindi zilipokuwa zikilia kila duka. Na huyu hakujifunza jana, alisema mjomba, koo kama hilo mtu hulipata nyumbani.

Baada ya hapo niliirudia albamu tangu mwanzo, na niliposikiliza nyimbo za Kiingereza nikaikuta ile nakshi humo humo. Ipo kwenye It's You, ambao ndio wimbo bora kuliko zote kwangu: unaanza kwa utulivu kama mtu anayesali, halafu sauti inapanda nyembamba, inatetemeka kidogo, na kwenye kila mwisho wa mstari kuna kile kizunguko alichokionyesha mjomba. Ipo kwenye Wrong, anaoimba pamoja na Kehlani, mgeni pekee aliyealikwa kwenye albamu hii. Ukiwasikiliza wote wawili utaona tofauti: Kehlani anaimba R&B ya Marekani moja kwa moja, imenyooka, safi; Zayn anaizunguka noti kabla ya kutua. Anayesema ameiga tu hajafika mahali hapa. Malay angeweza kumpa midundo ya mtu mwingine, lakini lile koo hakuwa na pa kuliazima.

Lalamiko la mjomba kwa hiyo ni kinyume na la mdogo wangu. Kwake Zayn hakwenda mbali vya kutosha. Kipande cha Kiurdu hakifiki hata dakika mbili. "Amefungua mlango akaufunga," alisema, na alisikitika kweli. Nakubaliana naye kabisa. Kama kuna jambo ambalo hakuna mwimbaji mwingine wa pop wa kizazi chake, mwenye jina kubwa kama lake, angeweza kulifanya, ni hilo, na limewekwa katikati ya albamu kama kijia cha kupitia kuelekea wimbo mwingine.

Nyingine nizipitie haraka. Fool for You ni wimbo wa piano, na kwa sababu ala zimempisha, unamsikia. Befour una uchungu kidogo ndani yake, unaukumbuka baadaye bila kutaka. Lucozade ni wa ajabu: maneno yanamiminika bila kungoja kiitikio, kama mtu anayezungumza peke yake usiku. Wengi wanauruka, mimi nimejifunza kuupenda. Kati ya wimbo wa kumi na wa kumi na nne mwendo ni ule ule mmoja wa pole, na hapo ndipo watu wengi wanapochoka. Nimejaribu mara nyingi kuisikiliza sehemu hiyo bila kushika simu yangu na sijafaulu kila mara.

Majina ya nyimbo yameandikwa kwa herufi kubwa na ndogo zilizochanganywa ovyo. Kwangu halina maana yoyote. Picha ya jalada naipenda: Zayn mwenyewe akiwa mtoto mdogo, na tatuu zake za ukubwani zimechorwa mikononi mwake.

Kwa anayetaka kuitafuta, jambo muhimu: zipo Mind of Mine zaidi ya moja. Ya kawaida ina nyimbo 14, ya nyongeza ina 18. Chukua ya 18. Like I Would, wimbo wenye kasi na wa kuchezeka kuliko zote, umo kwenye zile nne za nyongeza tu, ingawa ulitolewa peke yake kama singo. Sijawahi kuelewa uamuzi huo. Ungewekwa wa kumi na moja, ile sehemu niliyosema inachosha ingepata pumzi, na pengine mdogo wangu angekuwa na wimbo wa kucheza siku ile.

Na usiisikilize kwa spika ndogo kama tulivyofanya sisi. Besi inapotea, mwangwi unabaki, kila kitu kinasikika kimoja. Mimi niliirudia wiki ile kwa vipokea sauti vya masikioni, jioni kwenye kivuko cha Likoni, watu wamebanana na maji yameshaanza kuwa meusi, na nikagundua sauti za nyuma ambazo sebuleni hazikufika kabisa. Ni albamu ya usiku na ya mtu mmoja. Kuifungulia kikao cha familia asubuhi ya sikukuu tuliionea.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani lilichangia watu kutofautiana. Albamu iliingia namba moja Uingereza na Marekani, na Zayn akawa mwanamume wa kwanza wa Uingereza kuanza namba moja katika nchi zote mbili kwa albamu yake ya kwanza ya peke yake. Kwa mafanikio kama hayo mwimbaji huzunguka dunia nzima akiziimba nyimbo zake jukwaani, na huko ndiko wasikilizaji wengi wanakozielewa. Yeye hakuzunguka wakati ule. Juni 2016 alijiondoa kwenye tamasha la Wembley akaeleza hadharani kwamba ni kwa sababu ya wasiwasi mkubwa unaompata. Onyesho lake la kwanza la peke yake lilikuja London tarehe 17 Mei 2024, baada ya miaka minane. Muda wote huo nyimbo hizi zilibaki kama zilivyotoka studio, na ule mwangwi wake wote. Nilipotazama vipande vya video vya usiku ule wa London, anaimba na wapiga ala, bila kufunikwa, nilimpigia mjomba simu aje atazame.

Mdogo wangu alilegea kidogo aliposoma habari za ule wasiwasi. Alikuwa amemkasirikia mwaka mzima akidhani aliwakimbia wenzake kwa kiburi. Hata hivyo albamu bado haipendi, na sasa ni mtu mzima mwenye watoto, kwa hiyo siwezi tena kusema ni hasira za ujana. Anapoendesha gari huweka ile albamu ya 2017 ya Harry Styles, mwenzake Zayn wa zamani kwenye kundi, ambayo nayo haikuwa na kitu cha One Direction ndani yake, ilijaa magitaa ya kizamani, na hiyo aliisamehe. Namuuliza kwa nini. Anasema Harry alimwimbia yeye, Zayn alijiimbia mwenyewe. Nimelifikiria sana neno hilo na nadhani ni kweli, ila kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kuipenda.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya mwangwi na zile nyimbo za kumi na kuendelea. Mjomba anaipa tatu, na amenituma niandike kwamba zote tatu ni za wimbo wa saba.