Kadi za harusi zimepanda: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kwenye harusi ya mpwa wangu tulitenga hela ya kadi kikao cha kwanza. Kufika kikao cha tatu mhazini alikuwa anatutazama kama vile tumemlia kuku wake. Kadi ya karatasi imepanda, na sababu haiko kwa muuzaji peke yake. Kiwanda cha Mgololo, kule Mufindi, kinatoa karatasi za kaki za mifuko na maboksi; ile nene ya kung'aa inakuja kwa meli na kulipiwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,300, mwaka 2024 ikagusa 2,700. Ongeza VAT asilimia 18.

Mpangilio wangu ni huu.

1. WhatsApp kwa wengi, karatasi kwa wachache

Tuseme wageni ni 300 na kadi ni shilingi 2,000. Hapo ni 600,000 kabla ya bahasha, na kabla ya bodaboda wa kupeleka Mbagala na Mbezi, ambaye mara nyingi analipwa kuliko kadi aliyobeba. Sasa chapa 50 tu, hao 250 watumie kadi ya simuni yenye jina na alama ya kuskani mlangoni. Ukitozwa 500 kwa mgeni, jumla ni 225,000. Single na double zinaandikwa humohumo, na anayetaka kuingia na shemeji watatu anakwama getini bila ugomvi na kamati.

Wenye simu za batani watumie meseji, ila ihesabu kwanza. Meseji moja ni herufi 160. Ukizidisha hata moja unakatwa mbili. Maneno ya familia kuwa na furaha isiyo kifani yanaweza kusubiri ukumbini. Andika majina, siku, saa na mahali.

Zile 50 ni za wakwe, wazee na viongozi wa dini, na zipelekwe na mtu wa familia. Kuna babu ambaye picha kwenye simu ya mjukuu wake si mwaliko, na hatakuja.

2. A5 ya kawaida (nusu ya A4), karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba

Kama ukoo wenu hautaki kabisa habari za simu, chukua hii. Chini ya kadi 100 uliza mashine ya dijitali. Ofseti, ile mashine ya kuchapa nyingi, inahitaji pleti, yaani bamba lenye maandishi ya kadi yako, na gharama ya pleti ni ileile uchape 50 au 1,000, kwa hiyo inalipa kwenye wingi tu. Omba sampuli iliyokunjwa, pitisha ukucha kwenye mkunjo: rangi ikipasuka na weupe kuonekana, zako zitafika kwa wageni zimechakaa. Na usikubali umbo la ajabu, maana bahasha yake itakatwa kwa mkono na utailipia.

3. Za pakiti, za kujaza mwenyewe

Kwa ubarikio, komunio au akika ya watu 30 zinatosha sana. Tafuta dada mwenye mwandiko. Jaribu kalamu kwanza, kwani wino wa jeli unafutika kidole kikipita kwenye karatasi ya kung'aa.

4. Boksi la velveti na lulu za plastiki

Liache dukani.

Kadi ya mchango sijaipa namba kwa sababu siku hizi sioni kazi yake. Grupu la kamati na namba ya kulipia vinatosha. Mtu aliyeahidi laki moja akiona jina lake kila asubuhi kwenye orodha bila tiki, hahitaji karatasi ya kumkumbusha.

Popote utakapochapisha, utaletewa nakala moja ya kukagua usaini. Usiisaini umesimama kaunta. Ipeleke nyumbani, wasome watu watatu, mmoja wao akiwa na kalenda mkononi. Sisi tulisaini palepale, tukachukua kadi 200 zenye Jumamosi wakati tarehe ile ilikuwa Jumapili. Tuliporudi, kijana wa dukani hakubishana. Alifungua droo akatuonyesha saini ya mwenyekiti. Usiku ule tulikaa sebuleni tukibandika vistika vya "Jumapili", na mpaka leo mwenyekiti anasema mimi ndiye nilibandika vilivyopinda.