Kifaa cha kugawanya uzito wa karavani: kipi ununue ukiwa Mwanza

Gari linalovuta karavani, yaani tela la kulala, huku nyuma imebonyea na taa zinamulika majani ya miti, tatizo lake liko mbele. Uzito unaokandamiza goroli ya kuvutia, ule mpira wa chuma nyuma ya gari, unayapunguzia mzigo magurudumu ya mbele, usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele zinakosa mshiko. Kifaa cha kugawanya uzito kina fimbo mbili za springi zinazobana gari na mkono wa tela, hivyo sehemu ya uzito inarudi mbele ya gari na nyingine inakwenda kwenye ekseli ya tela.

Kabla ya kuulizia bei, piga magoti uangalie mkono wa tela. Ukiona mpira mweusi wenye mikunjo nyuma ya kikombe kinachokaa juu ya goroli, hiyo ni breki ya kusukuma, inayopatikana kwenye karavani nyingi za Afrika Kusini na Ulaya. Gari likipunguza mwendo, tela linasukuma, chuma cha ndani kinateleza na breki zinashika. Fimbo za springi zinaweza kukizuia kuteleza. Usifunge kifaa hiki hapo mpaka kitabu cha tela kiseme kinaruhusiwa. Kinafaa zaidi kwa tela lenye breki za umeme na mkono wenye umbo la V. Soma na kitabu cha gari pia, kwa kuwa baadhi ya magari hayaruhusiwi kukitumia.

Halafu pima. Peleka mizani ya jukwaa, ile ya kupimia magunia ya mchele au dagaa, uiweke chini ya kikombe tela likiwa limepakiwa na limekaa sawa. Kwa karavani, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikae hapo. Ikipungua, mkia wa tela huanza kuyumba. Tela la kilo 2,000 lenye kilo 240 kwenye kikombe, na mzigo wa kilo 60 nyuma ya ekseli ya nyuma ya gari, linahitaji kifaa cha kilo 300. Fimbo huuzwa kwa paundi: za 600 ni kilo 272, hazitoshi. Chukua za 800, yaani kilo 363. Usiruke hadi 1,200 ukidhani unajikinga. Fimbo ngumu kupita kiasi hazipindi, zinatesa chesisi ya tela kila tuta.

Nafasi ya kwanza: fimbo zinazokaa kwenye vishikio vya chuma. Hazina minyororo, na msuguano kwenye vishikio unazuia kuyumba lori linapokupita barabara ya Musoma, au upepo wa ubavuni unapokupiga juu ya daraja la Kigongo–Busisi. Ni ghali na ni nzito, lakini kwa tela la kilo 1,500 kwenda juu ndiyo tunayoipendekeza.

Ya pili: fimbo za mviringo zenye minyororo. Ni rahisi kurekebisha. Kizuia kuyumba hununuliwa peke yake, na kwa kawaida lazima ukitoe kabla ya kurudi nyuma, la sivyo kinapinda.

Ya tatu: springi za nyongeza au mifuko ya hewa nyuma ya gari. Gari litasimama vizuri machoni, lakini uzito haurudi mbele hata kidogo. Inafaa kwa tela jepesi.

Kifaa cha kuchomelewa gereji usinunue, hata fundi awe hodari vipi. Chuma cha springi kikipigwa moto wa kuchomelea kinapoteza nguvu yake, kisha kinakatika ghafla.

Angalia pia vipimo. Vifaa hivi huingia kwenye tundu la mraba la inchi 2; bamba la chuma lenye goroli ya bolti, lililo kwenye pikapu nyingi, litabidi libadilishwe. Na goroli ya milimita 50 si ya inchi 2, ambayo ni milimita 50.8. Kikombe cha inchi 2 juu ya goroli ya 50 kitafunga, ila kitacheza, na matuta yataendelea kukilegeza.

Kufunga, tafuta sakafu tambarare. Pima toka chini hadi ukingo wa bodi ulio juu ya tairi la mbele, tuseme sentimita 90. Unganisha tela bila fimbo, upime tena: 93. Sasa inua mkono wa tela na nyuma ya gari kwa jeki ya tela, ndipo uweke fimbo. Ukizilazimisha bila jeki, wenzo wa kuzipandishia unaweza kukurudi usoni. Shusha jeki upime. Lenga 91.5, yaani urudishe nusu ya sentimita 3 zilizopanda, isipokuwa kitabu cha gari kinasema vingine. Bado iko juu? Ongeza washa ili kichwa cha kifaa, kinachoshika goroli, kilale zaidi nyuma. Ikishuka chini ya 90, umebana mno: tairi za nyuma zitateleza mvua ikinyesha.

Kaza nati kwa spana ya kupimia nguvu, usikisie kwa mkono. Ukitoka mjini, simama Magu uzikague tena.

Kabla ya kupanda kivuko cha Kamanga au Kisorya, au kurudi nyuma kwenye mteremko wa mwalo, ondoa fimbo. Pale gari na tela vinapopinda na kufanya pembe, fimbo hubeba mzigo usio wake, na kinachopinda ni mkono wa tela.