Transfoma ya spika kwa ampu ya gitaa ya kujitengenezea: nilivyochagua yangu

Ukitaka kujitengenezea ampu ndogo ya gitaa ya valvu moja ya 6V6 (valvu ni ile taa ya kioo inayokuza sauti), pesa nzito iweke kwenye transfoma ya spika. Mimi nimetulia na 125ESE ya kampuni ya Hammond. Ipo kwenye ampu yangu, napiga nayo kila wiki, na naisifu kwa moyo mweupe. Ila sababu zangu si zile ambazo wauzaji huzitanguliza.

Ampu yenyewe ni saketi ya Fender Champ 5F1, ile ya mwishoni mwa miaka ya 1950: valvu ndogo ya 12AX7 moja, 6V6 moja, na 5Y3 ya kugeuza umeme kuwa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu. Nguvu yake ni wati 5 hivi, zinatosha sebuleni na kwenye mazoezi ya bendi ndogo. Valvu ina volti nyingi na mkondo mdogo, spika inataka kinyume chake. 6V6 kwenye volti 250 inataka mzigo wa omu 5,000, na spika uliyonayo ni omu 8. Transfoma ndiyo inayowapatanisha hao wawili.

Kwa hiyo cha kwanza kuangalia ni uwiano wa mizunguko ya waya, na huo unaweza kuupima mwenyewe mezani. Ingiza volti 12 za AC upande wa valvu, kisha pima upande wa spika. Ukisoma volti 0.48, uwiano ni 25 kwa 1. Zidisha 25 kwa 25 upate 625, halafu zidisha kwa omu 8 za spika: omu 5,000. Usiamini karatasi iliyobandikwa juu ya transfoma kabla ya kufanya hesabu hiyo.

Cha pili ni pengo kwenye chuma cha ndani kinachozungushiwa waya, na hapa ndipo wengi wanapouziwa kisichowafaa. Niliwahi kujaribu transfoma ya bei poa iliyoandikwa wati 5, omu 5,000. Kwenye mita ilikuwa sawasawa kabisa. Lakini ukitazama bati zake kwa ubavu, zimepangwa kwa kupishana, moja huku moja kule, bila nafasi yoyote. 6V6 ikiwa peke yake inapitisha miliampea 40 na ushee za DC kwenye transfoma muda wote, hata gitaa likiwa kimya. Chuma kisicho na pengo kinashiba sumaku na hakibaki na nafasi ya kubeba sauti. Ukipiga uzi wa sita, ule mnene, noti inatoka nyembamba na inakwaruza mapema, tena mkwaruzo mkavu usio na utamu wa valvu. Transfoma ya kazi hii bati zake zote za umbo la E hukaa upande mmoja, za umbo la I upande wa pili, na katikati kuna kipande chembamba cha karatasi. Kitafute kwa macho kabla hujalipa.

125ESE imetengenezwa hivyo, na imepewa kiwango cha wati 15 na miliampea 80. Kwa ampu ya wati 5 hiyo ni akiba kubwa, na inasikika: besi inatoka imejaa, na kordi ya E ya chini (noti zikipigwa pamoja) haitawanyiki. Anayependa mlio mwembamba wa Champ ya asili, ambayo transfoma yake ilikuwa ndogo sana, anaweza kushuka hadi 125CSE ya wati 8. Mimi sirudi huko.

Kinachonifurahisha zaidi ni vile vituo vyenye namba, sehemu za kuungia waya, upande wa spika. Kwa kubadilisha jozi ya vituo, valvu inaona mzigo mwingine: omu 2,500, 5,000 au 10,000. Mzigo mdogo ulinipa sauti nene, mkubwa ukanipa sauti safi na kali kidogo. Nimebaki kwenye 5,000.

Kuhusu upana wa masafa, usihangaike. Mfululizo huu umeandikwa hezi 100 hadi 15,000, na wapo wanaoukataa kwa hilo wakitaka ya hezi 20. Uzi wa chini kabisa wa gitaa ni hezi 82, na spika nyingi za gitaa huanza kuporomoka zikipita 5,000. Transfoma ya redio ya kifahari humu ni kulipia usichokisikia.

Mambo mawili wakati wa kufunga. Ukiwasha ampu ikapiga yowe hata kabla hujachomeka gitaa, huenda waya inayorudisha kiasi cha sauti kutoka kwenye spika hadi nyuma ndani ya ampu imekuja kinyume. Zima, subiri kapasita ziishiwe umeme, uhakikishe kwa mita, kisha badilishana waya mbili za upande wa valvu. Na kabla ya kutoboa chesisi, lile sanduku la chuma la kufungia vifaa, unganisha hedifoni kwenye upande wa spika wa transfoma ikiwa haijaungwa popote, washa transfoma ya umeme peke yake, halafu izungushe taratibu hii ya spika. Utasikia mvumo ukipungua hadi karibu kupotea. Hapo ndipo pa kutoboa.

Bei si ndogo, na ukiagiza kutoka nje usafiri wa chuma unauma. Kwa anayejenga ampu ya valvu mbili zinazopokezana, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, kama EL84, ipo njia ya mkato: transfoma za laini ya volti 100, zile zinazofungwa kwenye spika za honi za misikitini na makanisani. DC ya valvu mbili hujifuta yenyewe, hivyo pengo halihitajiki. Kwenye ile yenye waya za wati 10 na wati 2.5, waya ya wati 10 inaangukia katikati kabisa ya mizunguko, pale umeme wa DC unapoingia kugawanyika kwa valvu zote mbili, na ukifunga spika ya omu 16 kwenye kituo cha omu 8 unapata omu 8,000. Ila insulesheni yake iliandaliwa kwa volti 100, kwa hiyo mimi nisingeifunga kwenye ampu ya volti nyingi. Na iwe hii au ile, usipige kamwe bila spika kuunganishwa. Volti hupanda ghafla na kutoboa insulesheni ya ndani, na hapo transfoma imekwisha.