Gemu za kusubiriana: na Sh 30,000 ununue ipi kwanza

Mpwa wangu alinipigia simu Jumapili jioni kutoka Nyegezi. Shikamoo anko, marahaba, za masomo, nzuri, kisha akafika kwenye shida yake. Amepata laptopu iliyotumika kutoka kwa mtu: ramu GB 4, kadi ya picha ndiyo hiyo iliyokuja na mashine, betri inakaa saa moja na nusu ikijitahidi. Na ana Sh 30,000 ya gemu. Moja tu. "Zile zenu za zamani, anko, za kusubiriana. Zile mlizokuwa mnakesha nazo na baba."

Za kusubiriana. Wengi tunaziita gemu za zamu, ila jina la huyu kijana limenikaa zaidi. Unapanga askari wako, unamaliza, unanyanyuka. Mwenzako anakaa, anakuna kichwa, anapanga wake. Ni bao tu lililoingizwa kwenye kioo. Wazee wanaopiga bao chini ya miembe ya Kirumba ukiwaweka nyuma ya kiti chako dakika kumi, bila hata kujua mchezo unaitwaje, wataanza kukukosoa.

Na zinaufaa mji wetu huu wa Mwanza. Umeme ukikatika dakika ya 88 kwenye gemu ya mpira, mechi imekufa na ushindi wako umekufa nao. Kwenye gemu ya zamu, kompyuta inajihifadhia yenyewe kila baada ya zamu moja au chache. Umeme ukirudi unaendelea pale pale ulipokuwa unamtesa jirani yako. Kwenye simu ndiyo kabisa. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, mimi foleni ya kivuko niliimalizia kwenye Polytopia: ramani ndogo, zamu 30, kwisha, na gari bado halijasogea. Siku hizi unavuka kilomita 3 kwa dakika chache. Silalamiki, lakini kiwango changu kimeshuka.

Vigezo vyangu ni vitatu. Iwe nyepesi kwa mashine ya kawaida. Ukishaipakua isikudai intaneti, maana bando ni hela. Na cha tatu, kinachoamua: watu wawili waweze kuicheza kwenye mashine moja kwa kupokezana kiti. Kwenye menyu utakuta imeandikwa Hot Seat. Gemu isiyo na hiyo kwangu inaanza ikiwa nyuma bao moja.

Kabla hujatoa hata senti

Pakua Unciv kwenye simu ya Android. Ni bure, haina matangazo, inacheza bila mtandao, na kimsingi ni Civilization V (nitaifikia hapo chini) iliyovuliwa mapambo ikabaki mifupa. Picha zake ni za kimaskini kweli kweli. Lakini ukiicheza wiki moja utajua kama gemu hizi ni zako au ulikuwa unazisifia kwa sababu anko anazisifia.

Kwenye laptopu weka Battle for Wesnoth, nayo ni ya bure, ipo tangu 2003 na watu bado wanaiendeleza. Humo usiku na mchana vina maana: askari wa serikali wanapiga vizuri jua likiwaka, mizuka na majambazi wanapata nguvu giza likiingia. Ukishambulia saa mbovu umekwisha. Kupokezana kiti kupo. Ningekuwa sina kabisa hela, ningebaki hapa mwaka mzima bila kunung'unika.

Namba moja: Heroes of Might and Magic III

Ya 1999. Naam, nimesema 1999. Ilitengenezwa kwa ajili ya mashine zenye ramu ya MB 32, kwa hiyo hiyo GB 4 yako kwake ni kasri.

Nianze na ilivyokuwa nyumbani. Kompyuta yetu ilikaa sebuleni, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, imefunikwa mfuko wa nailoni dhidi ya vumbi. Mimi na kaka, yaani baba yake huyu mpwa, tulikuwa na sheria moja: ambaye si zamu yake anageukia upande wa pili, asione ramani ya mwenzake. Kaka alikuwa anageuka vizuri sana, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Na kila nikificha shujaa wangu nyuma ya mlima, kaka anamfuata huko huko mlimani. Miaka miwili. Nilidhani ana kipaji. Siku ya harusi yake, amekwisha kunywa soda za kutosha, ndipo akakiri: mbele ya pale alipokuwa anageukia kulikuwa na kabati la vyombo la mama, na kioo chake kilikuwa kinaonyesha kompyuta nzima.

Sasa mchezo wenyewe. Una mji, una shujaa anayetembea na jeshi, una dhahabu, mbao na mawe ya kuokota njiani. Wiki ina siku saba na kila siku ni zamu. Siku ya kwanza ya wiki viumbe wapya wanazaliwa kwenye miji, kwa hiyo siku ya saba kila mtu anahesabu: nivamie leo au nisubiri kesho nipate wengine? Mkikutana, jeshi linaingia uwanja wa vita na hapo zamu zinaanza upya, kikosi kwa kikosi. Shujaa wa Necropolis, mji wa wafu, anafufua mifupa kutoka kwa waliouawa, hivyo kila vita anavyoshinda jeshi lake linanenepa badala ya kupungua. Kaka alikuwa hachezi na mwingine. Ukimruhusu mtu afikishe mwezi wa pili na Necropolis, anza kutafuta visingizio mapema.

Wapenzi wa mfululizo huu hawapatani. Wako wanaoapa kwamba ya pili ilikuwa na rangi nzuri zaidi, kama kitabu cha hadithi cha watoto, na hapo nawaelewa. Wako wa ya tano, ya 2006, waliopenda vita vya 3D. Watetezi wa ya nne wapo pia, na wana moyo. Mimi hoja yangu ni fupi: ya tatu bado inachezwa, bado inatengenezewa ramani, na mashabiki wameiongezea miji mipya bila kulipwa.

Angalizo la kununua, na hili lizingatie. Chukua ile inayoitwa Complete, yenye nyongeza zote mbili. Usichukue HD Edition ya 2015 kwa kuvutiwa na picha zilizosafishwa, kwa sababu nyongeza hizo hazimo. Complete ipo GOG, duka la gemu la mtandaoni, kwa bei ya kawaida ya dola 9.99, Sh 25,000 hivi kwa kukadiria, na ikishushwa bei unabakiwa na chenji ya chipsi mayai. GOG wanakupa faili la kusakinisha likawa lako: liweke kwenye flashi, hata mwakani bila mtandao utalitumia.

Kidogo kuhusu CD za mtaani, kwani najua utashawishika. Yangu ya kwanza niliinunua kwa Sh 2,000, gamba lina picha yenyewe ya Heroes III. Nilipoifungua nyumbani ilikuwa video ya mieleka. Niliporudi, muuzaji aliigeuza geuza akaniambia, "Si ni mapambano haya haya, bwana mdogo?"

Namba mbili: Civilization, lakini ipi?

Hapa ndipo watu wazima wanapogombana. Ya kwanza ilitoka 1991, ya Sid Meier, na tangu hapo kila toleo lina kabila lake la wafuasi. Unaanza na mkulima na mkuki miaka elfu kadhaa kabla ya Kristo, unamaliza kwa roketi, na katikati yake unajiambia "zamu moja tu nilale" mpaka unasikia adhana ya alfajiri.

Kwa mashine ya mpwa wangu mashindano ni kati ya ya nne, ya 2005, na ya tano, ya 2010. Katika ya nne unaweza kurundika askari hata thelathini kwenye kigae kimoja, yaani kipande kimoja cha ramani. Wapinzani wake wanaita huo uhuni. Katika ya tano vigae vina pembe sita na kila kigae askari mmoja, kwa hiyo unafikiria kama mtu wa drafti: nani mbele, nani nyuma, mto upo wapi. Wapinzani wake wanaita huo msongamano wa daladala. Wote wana haki.

Ila ya nne ina jambo ambalo shabiki wa London au Chicago hawezi kulihisi kama sisi. Ikifunguka tu, kabla hujabonyeza chochote, kwaya inaanza kuimba Baba Yetu, Sala ya Bwana, kwa Kiswahili. Aliyeutunga muziki huo ni Mmarekani Christopher Tin, na Februari 2011 ukapata tuzo ya Grammy, muziki wa kwanza wa gemu kufanya hivyo. Siku tulipoiwasha mara ya kwanza, mama mkubwa alikuwa anatoka jikoni kuja kutufukuza, kijiko cha kusongea ugali bado mkononi. Akasimama mlangoni. Akasikiliza mpaka mwisho, ukaanza tena, akausikiliza tena. Kisha akasema tu, "Kumbe ni vya kanisa," akarudi jikoni. Tulicheza kwa amani kama miezi minne, hadi alipopita wakati tunachoma mji wa watu.

Ya tano nayo ina la kwake. Ukiwa na nyongeza ya Brave New World ya 2013, kati ya maajabu ya asili unayoweza kuyagundua kwenye ramani kuna Ziwa Victoria. Kigae kimoja kinachotoa chakula 6, kingi kuliko shamba lolote utakalolima mwanzoni. Mtu wa Mwanza hawezi kubisha kuhusu chakula. Ila kigae kimoja! Hapo Ukerewe ungeiweka wapi? Mara ya kwanza nilipoliona nilihamisha walowezi wangu wote, nikajenga mji kando yake, nikaupa jina Mwanza, na Warumi wakauchukua zamu ya 60.

Uamuzi wangu: ukicheza na mwenzako nyumbani, chukua ya nne. Ukicheza peke yako, ya tano pamoja na nyongeza zake, siku zikiwa na punguzo kubwa. Zote zina kupokezana kiti, lakini ya nne inapumua vizuri zaidi kwenye laptopu chovu.

Na mtu akikusimulia kwamba Gandhi wa toleo la kwanza alikuwa anarusha nyuklia kwa sababu ya kosa la hesabu ndani ya programu, mwache amalize halafu mwambie Sid Meier mwenyewe aliikanusha hadithi hiyo kwenye kitabu chake cha 2020. Nami niliieneza miaka kumi. Kumbukumbu za mashabiki ndivyo zilivyo.

Civilization VII, ya 2025? Ilitoka kwa dola 69.99 na inataka ramu isiyopungua GB 8. Pita kushoto.

Namba tatu: Into the Breach

Ya 2018. Uwanja ni mraba wa nane kwa nane, kama ubao wa drafti, na adui anakuonyesha atakachokifanya kabla hajakifanya. Kazi yako ni kumsukuma kidogo ili ngumi yake impate mwenzake. Mechi ni fupi, mashine haitoi jasho. Ingekuwa namba moja kama ingekuwa ya watu wawili. Haina nafasi ya pili, ndiyo maana iko hapa. Bei ya kawaida ni dola 14.99, hivyo kwa bajeti hii lazima usubiri punguzo.

Namba nne: XCOM

Hapa unaongoza kikosi kidogo dhidi ya viumbe waliovamia kutoka anga za mbali. Chukua Enemy Unknown ya 2012. XCOM 2 inadai GB 45 za diski, na sijui nani Nyegezi ana bando hilo. Askari wako wanakufa moja kwa moja, na unaweza kuwapa majina unayotaka. Usiwape majina ya ndugu. Mimi nilimwita mdunguaji wangu Mama Mkubwa, akabakiza hatua mbili kutoka kwa kiumbe mmoja, nafasi ya kumpata asilimia 95. Akakosa. Sikumtazama mama mkubwa usoni kwa siku mbili.

Kulipa na kupakua

Kadi pepe unaitengeneza kwenye menyu ya pesa za simu. Weka kiasi kinachotosha tu, na ubakize kidogo kwa ajili ya makato. Kama huna haraka, subiri punguzo kubwa la katikati na mwisho wa mwaka la Steam, duka jingine la gemu la mtandaoni. Steam wanarudisha hela ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa 2; GOG wanatoa siku 30. Pakua kwa bando la usiku, na chomeka chaja kwanza.

Mpwa wangu amechukua Heroes III. Anakuja Jumamosi na laptopu, na ameshaniambia atacheza Necropolis. Kabati la vyombo la mama liko kwangu siku hizi. Nimelifunika khanga.