Kerneli ya rc kwenye laptopu ya kazi: yaliyonikuta

Mimi hurekodi kwaya chumbani kwangu, kwa laptopu yenye Debian 12 (mojawapo ya mifumo ya Linux) na kadi ndogo ya sauti ya USB. Kerneli yake, yaani kiini cha mfumo, ilikuwa 6.1, haina makeke. Septemba 2024 nikasikia PREEMPT_RT, inayoifanya kerneli iitikie kazi za haraka kwa wakati, imekubaliwa ndani ya Linux yenyewe na itatoka na 6.12, baada ya kama miaka 20 ya kuishi nje kama viraka, yaani nyongeza za msimbo. Kwetu watu wa sauti hilo si jambo dogo: mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni bila kuchelewa, na mikwaruzo inapungua hata ukishusha bafa (kipande cha sauti kinachokusanywa kabla ya kuchakatwa) hadi sampuli 64. Kungoja hadi Novemba? Nilishindwa.

Kabla ya toleo kamili hutoka matoleo ya majaribio, yanayoitwa rc; rc2 ya 6.12 ilitoka Jumapili, 6 Oktoba. Nikaishusha, nikachagua PREEMPT_RT, nikaiacha ijikompaili, yaani ijijenge kutoka msimbo wake, usiku kucha. Asubuhi nikaiwasha. Sauti safi, jamani.

Jumamosi kwaya ikaja. Baada ya ubeti wa tatu tukapumzika, nikafunika laptopu kwenda kufungua mlango. Kurudi: skrini nyeusi, feni inavuma, nabonyeza Caps Lock na taa haiwaki. Ilikuwa imelala, na kuamka ikakataa. Na kuhifadhi sikuwa nimehifadhi. Mwalimu wa kwaya akanitazama juu ya miwani: "Kwa hiyo kijana wangu, tuanze upya?"

Tukaanza upya, kwa ile 6.1 niliyoichagua kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kompyuta ikiwaka. Nashukuru sikuwa nimeifuta.

Tena mimi nilipona. Wanaofuatilia kerneli wanaikumbuka 5.12-rc1 ya mwaka 2021: aliyetumia faili la swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM) angeweza kukuta data ya swapu imeandikwa juu ya mafaili yake. Linus Torvalds, muasisi wa Linux, aliibadilisha jina ikaitwa "dontuse", yaani usitumie. Rc1 huja baada ya wiki mbili za kumimina mambo mapya, kwa hiyo ndiyo bado ya moto. Zinazofuata kila Jumapili, hadi rc7 au rc8, kazi yake hasa ni kurekebisha. Kwangu kufikia rc5 laptopu ililala na kuamka vizuri.

Sasa la aibu. Debian 12 ilikuwa na kerneli ya RT ya 6.1 tayari kwenye hazina yake ya programu, kifurushi kinaitwa linux-image-rt-amd64. Nilikiweka wiki iliyofuata, nikarekodi kwa bafa ileile ya 64, na masikio yangu hayakuona tofauti na rc. Nilichokuwa nakimbilia ni upya tu.

Kama chombo cha kujaribia, rc naipa nyota nne. Kwa kazi ambayo watu wamepanda daladala kuja kuifanya, nyota moja. Laptopu ya kazi sasa ina Debian 13, ambayo imekuja na 6.12 iliyokwisha kutulia. Rc nimezihamishia kwenye laptopu kuukuu yenye skrini iliyopasuka, na hiyo mwalimu wa kwaya haruhusu hata iwekwe mezani.