Altaneta "iliyokufa" iliyotoa volti 17: uzoefu wangu na kiboksi cha kuongozea altaneta

Naandika nikiwa bado na hasira, nikipoa nitaanza kuwaonea huruma na sitaki. Kwenye pakiti ya hiki kiboksi wameandika kinafanya kazi na altaneta zote za kisasa. Zote. Hilo neno moja limenila siku kama kumi, balbu mbili za mbele na redio, na aliyeniuzia mpaka leo anashikilia kwamba altaneta yangu ndo ilikuwa imekufa.

Pikapu yangu ni dizeli ya zamani, pampu yake ya kimitambo tupu, haijawahi kuwa na kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, tangu itoke kiwandani. Altaneta yake ya asili ilikuwa ndogo, ukiwasha taa na friji ya nyuma kwa pamoja taa zinakuwa nyekundu kama jicho la mlevi. Nikapata altaneta kubwa iliyotolewa kwenye gari la miaka ya karibuni, nikachomelea mabano, mkanda ukakaa, puli inazunguka vizuri kabisa. Naangalia mita: volti 12.4. Napiga resi: 12.3. Kitu kimelala fofofo, hakichaji.

Altaneta za siku hizi zinasubiri kutumwa. Zile za zamani unaipa waya mmoja kutoka kwenye swichi unaopita kwenye balbu ya taa ya betri, kale kaumeme kanaamsha usumaku kwenye rota, ile sehemu inayozunguka ndani, ikishaanza inajiendesha yenyewe, regyuleta, yaani kidhibiti cha volti, iko humo humo mgongoni inashikilia volti 14 na kitu, mmemalizana. Sasa hivi anayeamua ni kontrol boksi, ukikanyaga mafuta inaipunguzia altaneta kazi ili injini ipate nguvu, ukiachia inaiambia haya chaji, yote hiyo kubana mafuta tu. Ukiing'oa altaneta ukaja nayo yenyewe bila huyo bosi wake, inazunguka tu na mkanda haina habari na wewe.

Ndo nikaagiza kiboksi. Kidogo kama kiberiti, kina waya wa umeme, waya wa ethi, waya mmoja mwembamba wa kwenda kwenye plagi ya altaneta, na kitufe cha kuchagua volti. Nikafunga jioni nikawasha. 12.3. Nikabadilisha volti, nikazima nikawasha, nikakwangua ethi, nikaongeza ethi nyingine nene kutoka bodi ya altaneta moja kwa moja hadi hasi ya betri. 12.3. Kitaa chekundu kinanikonyeza. Maelekezo ni karatasi moja, nusu nzima ni picha ya kiboksi chenyewe utadhani tutakisahau sura, na yanasema taa nyekundu ikikonyeza maana yake "hakuna mawasiliano". Mawasiliano na nani, haisemi.

Nikamwandikia muuzaji, nikapiga picha plagi, nikapiga picha mita, nikaeleza kila kitu kwa adabu zote. Kesho yake likaja jibu: "Ndugu mteja, altaneta yako imekufa. Badilisha altaneta." Basi. Hajauliza imetoka kwenye gari gani, hajauliza plagi ina pini ngapi, hajauliza hata injini ilikuwa inawaka au imezimwa. Nikamuuliza umejuaje kama imekufa? "Ndugu mteja, kiboksi chetu kinapimwa kabla ya kutumwa." Sasa hilo ni jibu la swali lipi? Angenitukana ningemwelewa, labda ameamka vibaya, lakini hii ndugu mteja ndugu mteja huku hajasoma hata nilichoandika, hiyo ndo ilinikera mpaka usingizi ukakata.

Nikaipeleka kwa fundi umeme, mzee mmoja mkali mkali hivi. Sijamaliza kueleza ameshashika spana anataka achomoe kichwa cha betri injini ikiwa inawaka, "tuone kama itazima". Nikapiga kelele mpaka watu wakageuka. Jamani hiyo iacheni, hayo ni mambo ya enzi za dainamo, altaneta ikiwa inachaji ukiinyang'anya betri ghafla volti zinaruka kufumba na kufumbua, dayodi zinazogeuza umeme wake uwe wa betri zinaungua na chochote chenye akili ndani ya gari kinaondoka nazo. Mzee akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. "Kumbe bosi ni fundi. Basi fanya." Nikaomba radhi, kinafiki kidogo, na namshukuru Mungu sikuondoka, maana huyo mzee alifanya kitu ambacho yule wa ndugu mteja hakukifanya. Alifungua akatazama. Akatoa kofia ya nyuma, akamulika na tochi, akaanza kucheka. "Hii haina kichwa." Kaboni zinazopeleka umeme kwenye rota zipo, dayodi zipo, regyuleta hamna kabisa, pini mbili za kwenye plagi zimenyooka zinaenda kwenye kaboni.

Kumbe kuna watengenezaji regyuleta wameihamishia ndani ya kontrol boksi ya injini. Chrysler walianza kufanya hivyo miaka ya 1980, na Mazda kadhaa pia ziko hivyo. Altaneta ya namna hiyo ni msuli mtupu, kontrol boksi ndo inawasha na kuzima umeme wa rota mara nyingi kila sekunde ili volti zikae pale zinapotakiwa. Na kiboksi changu kinaongea LIN, yaani kinatuma ujumbe kwa waya mmoja kwenda kwa regyuleta yenye akili, nipe 14.4, nayo inajibu sawa, joto langu liko hivi, mzigo wangu uko hivi. Hapo kwangu kilikuwa kinabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Mawasiliano yatoke wapi!

Fundi akasema tuipime kama ni nzima, kaboni moja tuipeleke ethi, nyingine tuipe umeme wa betri moja kwa moja. Nilijua ni hatari na nikakubali, hilo sitamsingizia mtu. Injini ikiwa inanguruma taratibu mita ikapanda, 13, 14. Nikamwambia kijana aliyekaa kwenye usukani usikanyage, yeye akasikia kanyaga. 15, 16, 17 na kitu, taa za mbele ziking'aa nyeupe kama kuchomelea, halafu pa, halafu pa, redio ikaanza kutoa moshi, fundi akang'oa waya kwa mkono mtupu. Kimya. Hakuna wa kuizuia, kila kilichomo ndani kinatoka chote, ndo maana mtu asijaribu hiki kitu hata kwa sekunde mbili kama ana chochote anachokipenda kimewashwa kwenye gari.

Ila nilipata furaha moja ya kijinga. Nikatuma picha ya mita kwa muuzaji: maiti gani inatoa volti 17? Jibu: "Ndugu mteja, volti 17 ni nyingi, altaneta yako ni mbovu."

Hapo nilikuwa nampa nyota moja, na hiyo moja ni ya rangi ya kiboksi. Lakini baadaye, sijui wiki mbili zilipita au tatu, nikapata altaneta nyingine, hii ina regyuleta yake mgongoni na plagi ya waya mmoja mwembamba, LIN yenyewe. Nikafunga kile kile kiboksi bila matumaini. Kitaa kikakonyeza mara mbili kikawa kijani. 14.4. Nikawasha taa, friji, feni, 14.3, imeganda hapo kama imepigwa msumari. Sitadanganya, nilikaa kwenye gari naangalia tu mita kama mtu anayeangalia mtoto amelala.

Kwa hiyo kiboksi ni kizuri? Subiri. Siku moja injini ikiwa inawaka nikachomoa ule waya mwembamba wa ujumbe, nione. Nilitegemea idondoke mpaka 12. Ikakaa 13.6! Kumbe altaneta nyingi za LIN zikikosa wa kuzituma zinarudi kwenye volti zao za dharura, 13 na nusu hivi au zaidi kidogo kutegemea na aliyezitengeneza. Damu ikachemka upya, yaani nimelipa hela kuiambia altaneta kitu ambacho karibu inakijua yenyewe? Nikaizima, nikawasha bila kiboksi. 12.4. Dakika moja, mbili, hamna chaji, mpaka nilipopiga resi ya nguvu ndo ikajiamsha. Sasa fikiria umewasha, umekaa kwenye foleni kwa resi ndogo na taa zinawaka, unakula betri na hujui. Na kwenye friji yangu iliyo mwisho wa waya mrefu, tofauti ya 13.6 na 14.4 inaonekana kabisa. Kwa hiyo mimi kinanifaa. Mwenye gari la kawaida lisilo na mizigo, altaneta yake ni ya LIN, ajaribu kwanza bila kiboksi, apige resi aangalie mita, huenda asihitaji kununua. Ona, nilikuja kukiponda hiki kitu sasa nakitolea ushauri wa matumizi.

Bado kuna donda moja. Ile ya kwanza isiyo na kichwa, kumbe ingefanya kazi. Unaifungia regyuleta ya nje, zile za zamani za Chrysler za kuendesha kaboni mbili, ni kitu rahisi kuliko hiki kiboksi mara kadhaa, hakitaki LIN wala kontrol boksi. Nimelijua hilo nikiwa nimeshaiuza kwenye vyuma chakavu, kwa kilo, kwa sababu niliambiwa imekufa na mimi mwenyewe baada ya ile 17 nilikuwa naiogopa. Muuzaji angeuliza tu pini zake zinaenda wapi. Swali moja.

Anayetaka kununua: geuza altaneta uangalie kama ina regyuleta nyuma, na uhakikishe ni LIN. Si kila yenye plagi ya kisasa ni LIN, kuna zinazoongozwa kwa mapigo tu ya umeme, za GM na Ford nyingi ziko hivyo, na hizo kiboksi hiki hakizielewi. Pakiti haisemi. Pakiti inasema zote.

Nyota nimeweka tatu. Asubuhi zilikuwa nne, halafu ikaingia meseji yao, "Ndugu mteja, umeridhika na huduma yetu?"