Gloss Metal Varnish ya Vallejo kwenye deraya za fedha na dhahabu: uzoefu wangu

Kama unapaka rangi vijisanamu vya Warhammer, ule mchezo wa vita wa mezani, bila shaka umeyaona haya: deraya inatoka mikononi mwako ikimetameta, ukishaipulizia vanishi isiyong'aa, fedha yote inapauka na kubaki kijivu kama sufuria kuukuu. Hicho ndicho kilichonifanya ninunue Gloss Metal Varnish ya Vallejo, vanishi ing'aayo ya rangi za metali, ile ya chupa ya mililita 32 inayouzwa pamoja na rangi zao za Metal Color.

Rangi ya fedha haing'ai kwa wino wake. Ndani yake mna vipande vyembamba mno vya aluminiamu au maika, ambavyo rangi ikikauka hulala bapa na kuurudisha mwanga kwa pamoja. Vanishi isiyong'aa nayo imetiwa unga laini, mara nyingi silika, unaoufanya uso uwe na mikwaruzo isiyoonekana kwa macho. Mwanga ukifika hapo unatawanyika. Vile vipande viko salama huko chini, ila mng'ao wao hautufikii. Kwa hiyo usiilaumu vanishi, inafanya kazi yake, na kwenye joho, ngozi au matope sioni ya kuizidi.

Nilianza na vijiko vya plastiki. Praima nyeusi, yaani rangi ya msingi, halafu fedha ya Metal Color kwenye kimoja, Leadbelcher ya Citadel, fedha iliyokoza, kwenye kingine na Retributor Armour, dhahabu ya Citadel, kwenye cha tatu. Nusu ya kila kijiko niliifunika kwa utepe wa karatasi ili ibaki bila vanishi. Chini ya taa ya mezani, fedha ya Metal Color ilipoteza makali kidogo sana. Usipoziweka nusu mbili pamoja hutagundua. Leadbelcher ndiyo iliyonishangaza: ilikolea na kung'aa kuliko ilivyokuwa tupu. Dhahabu haikubadilika vya kutaja.

Nisichokipenda ni kwenye mikunjo. Ukishatia kivuli cha Nuln Oil, rangi nyeusi nyepesi inayotiririka mifereji, kati ya vipande vya deraya, vanishi hii inafanya hata kile kivuli king'ae, na askari anaonekana amelowa. Siku hizi naipaka kwa brashi ndogo kwenye sehemu zilizoinuka tu: mabega, kofia, magoti, ncha ya mkuki, ukingo wa ngao. Bahati nzuri ndizo sehemu zinazoguswa na vidole mchezoni, ambako rangi hung'oka kwanza, kwa hiyo vanishi inazilinda. Ni nyepesi, inatiririka haraka. Isipofutwa kwenye kona inatuama na kuacha kidimbwi.

Mpangilio wa kazi nao una uzito kuliko chapa ya chupa. Mimi namaliza nguo, uso na ngozi, napulizia vanishi isiyong'aa kijisanamu kizima, naacha ikauke sawasawa, ndipo napaka fedha na dhahabu juu yake na kuzifunga kwa hii ya Vallejo. Ni kazi ya subira, kwani brashi ikiteleza ukachafua joho unarudi kulitengeneza, lakini joho linabaki limefifia na upanga unawaka, na tofauti hiyo ndiyo inayomfanya askari apendeze hata ukimtazama kutoka upande wa pili wa meza.

Asiye na subira hiyo achukue vanishi ya satini, apulizie kila kitu mara moja. Mng'ao utapungua lakini hautakufa, na kwa jeshi la askari wengi wa kawaida sioni ubaya.

Chuma chenye kutu au shaba iliyochakaa havihitaji chupa hii kabisa. Huko vanishi isiyong'aa inakusaidia. Kijisanamu cha kukaa kabatini tu, deraya yake iache tupu. Na kama umetumia wino wa kromu, ule unaoweza kujiona usoni mwake, usiuguse kwa vanishi yoyote, hata hii.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye mikunjo.